Shahidi wa Kikapu cha Saba

Kwanza ilikuwa harufu. Nje theluji imelala, na jikoni kwa Wendell Hoyt kunanuka petroli na nyasi mbichi zilizokatwa sasa hivi.

"We mzee, umeingiza mashine ya nyasi ndani?" aliuliza mkewe, Noreen, kijiko cha supu kikiwa hewani.

"Mwezi wa kumi na mbili huu! Nikate nini, zulia?"

Hapo ndipo minyororo ikalia. Chwaa! Mtaa mzima ule wa Ohio uliijua sauti hiyo: kisahani cha plastiki kimerushwa, kikapu cha chuma kimekidaka kwa minyororo yake. Lakini vikapu vilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya shule iliyofungwa. Sauti hii ilitoka chini ya meza.

Uwanja wenyewe wa mchezo huo wa kurusha visahani ulikuwa aibu tupu. Vikapu tisa, vitatu vimepinda, kimoja kimeshikiliwa na waya. Aliyeufyeka miaka ishirini ni Lyle Pruitt, kwa mashine yake, petroli yake na mgongo wake mbovu. Wenzake, Wendell akiwa wa kwanza, walichangia midomo.

Na pale kulikuwa na sheria. Ukiingiza kwa kurusha mara moja tu, aliyeona anatia sahihi kwenye kisahani chako, na jina lako linapigiliwa ubaoni. Huna shahidi? Basi uliota.

Mwezi wa tisa Lyle aliingiza kikapu cha saba, kile cha kando ya bwawa. Walikuwa wawili tu.

"Umeona, Wendell? Niambie umeona!"

Wendell aliona kila kitu, hata jinsi kisahani kilivyopinda juu ya maji kama mwewe. Lakini yeye alikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kurusha bila kuingiza hata kimoja kwa mrusho mmoja, na roho ya kijicho haizeeki.

"Sikuona, ndugu yangu. Nilikuwa nafunga kamba za viatu."

Lyle alimtazama miguuni. Wendell alikuwa amevaa buti za mpira, zisizo na kamba. Lyle akakitoa kisahani chake chekundu kikapuni, akaenda zake. Wiki tatu baadaye alianguka akafa papo hapo penye kikapu cha saba, na mashine ikaendelea kunguruma peke yake mpaka petroli ikaisha.

Sasa, asubuhi baada ya ile harufu, Wendell alikuta kisahani chekundu ngazini, kimelowa, kinafuka mvuke. Nyuma kiliandikwa jina la Lyle na namba ya simu, kama wachezaji wote wanavyoandika ili mwokotaji apige. Akapiga. Akapokea Opal, mjane wa Lyle.

"Shemeji, nimeokota kisahani cha marehemu. Kile chekundu."

Opal akasema polepole, "Wendell, hicho nilimwekea kifuani kwa mikono yangu, sanduku likafungwa."

Noreen, aliyeujua ule uongo tangu siku ile, alikwisha leta kalamu. Alinong'ona, kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. "Tia sahihi. Wino kiduchu tu, mume wangu, akapumzike."

"Mji mzima ujue nilidanganya? Thubutu! Nakizamisha bwawani."

Akavuka barabara mchana kweupe, akasimama kwenye zege la kurushia la kikapu cha saba, na harufu ya nyasi ikamfuata hatua kwa hatua juu ya theluji isiyo na jani hata moja, ikamkaa shingoni kama pumzi ya mtu, huku mahali fulani nyuma yake mashine ikikohoa, ikazimika, ikakohoa tena, naye hakuthubutu kugeuka, akakunja mkono akakitupa kile kisahani katikati ya maji kwa nguvu zake zote, nacho kikaenda, kikafika juu ya bwawa, kikainama, kikapinda kama mwewe.

Chwaa!

Kimeingia. Miaka thelathini na mmoja, na kimeingia! Furaha ikamfuta akili, akasahau kaburi, akasahau woga, akageuka kutafuta mtu, mtu yeyote.

Mtu alikuwapo. Alichutama kwenye theluji ndani ya suti ya mazishi, miguu mitupu, rangi ya nta, na vidole vyake vilikuwa vinasuka na kufumua hewa juu ya miguu hiyo.

"Umeona, Lyle?" Wendell alilia. "Niambie umeona!"

"Sikuona, ndugu yangu," alijibu, bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nafunga kamba za viatu."

Wendell alikinyakua kisahani kikapuni, akarudi nyumbani mbio, akashika kalamu atie sahihi. Wino uliteleza kwenye plastiki kama maji kwenye mafuta. Akabonyeza mpaka ncha ikavunjika.

Tangu hapo, kila asubuhi kisahani kiko ngazini, na kila mchana Wendell anavuka barabara akakirushe. Noreen alimfuata mara moja, awe shahidi. Alisimama, akakodoa macho. Kila mrusho kisahani kilidumbukia majini, chubwi, Wendell akakiopoa. Noreen akamhurumia, akageuka aende zake.

Nyuma yake, chwaa!

"Noreen! Hiyo umeona? Niambie umeona!"

Noreen hakugeuka. Pua yake ilikwisha nusa nyasi.