Ufa Upande wa Injini

Walipoutoa mwili wa dereva kwenye gari lililoungua, vidole vyake vilikuwa bado vimekunjika kama vilivyoshika usukani. Moto ulilipuka chini ya boneti katikati ya mazoezi ya mashindano, na hakuwahi kufungua mlango.

Inspekta aliyepewa kesi alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno. Wenzake walimwita Sindano. Alianzia gereji, akamkuta kaka wa marehemu ameketi juu ya tairi. Kaka huyo ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya wazazi kufariki, akamfundisha kuchomelea, na gari lile walilijenga pamoja.

"Mabomba ya mgeni yamemuua mdogo wangu," alisema kabla hajaulizwa.

Akaeleza. Mdogo wake alikuwa amefunga supachaja, kifaa cha kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Injini inayolishwa hivyo hutema moshi mwingi na wa moto mno, ikabidi atafute mabomba mapya ya kuutoa. Kaka alishikilia yawe membamba, kama aliyotengeneza miaka yote. Mdogo akachagua mapana, ya chuma kinene kisichoshika kutu, kazi ya fundi wa mtaa wa pili.

Sindano akamhoji fundi huyo. Bila kigugumizi, alisema mabomba yalitoka kwake yakiwa mazima. Mjane alithibitisha: mumewe aliyaziba ncha, akayajaza upepo na kuyazamisha kwenye pipa la maji. Halikutoka povu hata moja.

"Kisha akampa nani?"

"Shemeji. Alimwambia mdogo wake apumzike, atayafunga yeye. Nilifurahi, maana walikuwa wameacha kusemezana."

Maabara ya polisi ikamaliza ubishi. Bomba moja lilikuwa na ufa, na gesi ya moto iliyopenya hapo iliunguza mpira wa petroli. Lakini ufa ulianzia kwenye mkato ulionyooka wa msumeno wa chuma, tena upande unaotazama injini. Bomba likishafungwa, msumeno haufiki huko.

Sindano alimwita kaka kituoni, akamsomea haki zake, akaweka picha za maabara mezani.

"Mabomba yalifika gereji yakiwa mazima. Uliyafunga na nani?"

"Peke yangu."

"Basi nani aliyakata?"

Alizigeuza picha kifudifudi. "Nilidhani yatapiga kelele tu, gari likose nguvu, watu wamcheke fundi yule. Mpira wa petroli sikuufikiria. Nilitaka mdogo wangu arudi kwangu."

"Ulimwonea fundi wivu?"

"Afadhali ungekuwa wivu, Afande. Mdogo wangu alikuja kwangu kwanza. Aliniomba nimtengenezee hayo mapana. Nikajaribu kwa siri, nikashindwa. Chuma kile kilipinda kila nikikichomelea. Nikamwambia membamba ndiyo yanayofaa. Nilijua namdanganya. Mimi niliyemfundisha kazi, ningemwambiaje sijui? Nikaona heri nife na tai shingoni. Kumbe wa kufa ni yeye."

Sindano akamsogezea maelezo, naye akayasaini.

Ukumbini, mjane alikuwa ameketi na bakuli la chakula mapajani, amemletea shemeji yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia.