Chenja ya Kwenye Buti

Mjomba wangu, mdogo wake mama, si mtu wa kuzua. Ni fundi cherehani, hupima kabla ya kukata, na hata maneno huyapima. Haya alinisimulia mara moja tu, mchana, mlango ukiwa wazi. Tangu hapo ukimgusia jambo hilo, yeye hukuuliza habari za nyumbani kwenu. Nami nayatoa kama nilivyoyapokea, bila kuyatia chumvi.

Mkewe figo zilikuwa zimemchoka. Siku nenda, siku pumzika, mjomba alimpeleka hospitali ya mji wa pili akasafishwe damu kwa mashine. Gari lao lilikuwa kuukuu, la umbo la boksi, rangi ya maziwa yaliyoungua. Mjomba alilifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa laini, mpaka mkewe akawa analiita mke mwenza. Njia yenyewe ilikuwa ndefu, imenyooka, haina cha kutazama ila nguzo za umeme na majani makavu. Redio ya gari ilikuwa ya kaseti, na kaseti zote ilikwishazitafuna.

"Kungekuwa na muziki," mkewe alisema siku moja wakiwa wanarudi, kichwa amekiegemeza dirishani, "njia hii ingekuwa fupi."

Asubuhi iliyofuata mjomba alikuwa kwa fundi wa redio za magari, mtu mnene mwenye kibanda kilichojaa spika zisizo na ngozi.

"Usiitoe redio hii," fundi alimwambia, akiufuta uso wa redio kwa kidole gumba. "Kitufe hiki kimeandikwa CD, umewahi kukibonyeza?"

"Hakifanyi kitu."

"Kinasubiri mwenzake. Redio hii ilitengenezwa iendeshe chenja, mashine inayobeba CD sita kwa mpigo. Inakaa kwenye buti, waya unapita chini ya zulia mpaka huku mbele. Ila si kila chenja itakubaliwa, mzee. Lazima iwe ya kampuni ileile, ya rika lake, na plagi iingie pini kwa pini. Ukiiletea ngeni, haitaitambua. Itakaa nayo kama wakwe waliogombana."

Wiki zilipita. Hatimaye fundi akapiga simu: ameipata, imetoka kwenye gari pacha na la mjomba, huko kwa wauza vyuma chakavu. Akaifunga siku hiyohiyo. Alifunua zulia pembeni mwa viti, akapitisha waya, akaikaza mashine kwa skrubu ubavuni mwa buti. Ilikuwa nyeusi, ukubwa wa sanduku la viatu, na ndani yake kasha la CD. Mkewe mjomba alikuwa na CD tano za nyimbo za ujana wao. Wakazipanga. Nafasi ya sita ikabaki tupu.

Mjomba alibonyeza kitufe. Kule nyuma, kitu kikanguruma kidogo, kikavuta pumzi, na wimbo ukaja.

Siku za mwanzo zilikuwa za raha. Mkewe aliimba kwenda na kurudi, hata siku ambazo mashine ya hospitali ilimwacha hoi. Muuguzi aliyezoea kumhudumia alimtania kwamba siku hizi anakuja kama anayekwenda harusini. Mjomba aliendesha huku akipigapiga usukani, akijiona mwanamume aliyefanya jambo.

Basi siku moja, wakitoka hospitali, mkewe akawa anabadilisha CD. Ya nne. Ya tano. Akabonyeza tena. Kwa kawaida redio ingerudi ya kwanza, kwa kuwa baada ya tano hapakuwa na kitu. Safari hii kioo chake kidogo kikaandika sita.

Hakukuja wimbo. Kulikuja mvumo, mzito na wa chini, kama maji yanayochemka kwenye sufuria iliyofunikwa.

"Imeharibika?" mkewe aliuliza.

"Ngoja."

Ndani ya mvumo ule mtu akakohoa. Kikohozi kilikuwa cha mbali, kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Mkewe akamtazama mjomba. Kilikuwa kikohozi chake mwenyewe. Kisha ikaja sauti ya kiume, nayo imefifia vilevile: "Funga kioo, vumbi linaingia." Mjomba alikuwa amesema maneno hayo muda si mrefu, walipopishana na lori.

Wakasikiliza. Mvumo ulikuwa wa matairi. Ilikuwa ni safari yao wenyewe, kama anavyoisikia mtu aliyelala kwenye buti.

Na mtu huyo alikuwa anapumua.

Mjomba alizima redio. Walipofika nyumbani alifungua buti, akachomoa kasha, akalikagua kwenye mwanga wa jua. CD tano. Nafasi ya sita ilikuwa tupu, safi, hata vumbi haina.

Alimrudia fundi. Fundi akajaribu mara nyingi, na kila mara redio ikatoka ya tano ikaenda ya kwanza, kama inavyotakiwa. "Labda ni mawimbi ya simu," alisema. Lakini alipokuwa akifunga buti, mjomba aliona jinsi alivyoutoa mkono wake haraka, kama anayefunga banda la mbwa asiyemjua.

Angeiondoa siku ile. Mkewe ndiye aliyekataa. "Utaninyima nyimbo zangu kwa ajili ya kelele?" Mjomba akanywea. Mtu akikaa na mgonjwa hujifunza kutokumnyima kitu. Wakakubaliana wasivuke ya tano.

Wao hawakuvuka. Redio ilivuka yenyewe.

Ilikuwa alasiri, mkewe kalala kwenye kiti cha mbele, mdomo wazi kidogo, kitambaa cheupe kimezungushwa kwenye mkono uliochomwa sindano. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mvumo ukaja. Matairi. Pumzi. Mjomba alisubiri kusikia maneno waliyoongea njiani.

Hakuyasikia. Alisikia gari likisimama. Mlango ukafunguliwa, mmoja tu. Nyayo zikazunguka, polepole, zikaja nyuma. Zikasimama karibu kabisa. Kisha sauti yake mwenyewe, karibu kiasi kwamba alihisi joto sikioni:

"Mama Watoto. Niitikie."

Kimya.

"Mama Watoto, nakuomba. Niitikie."

Hakuna aliyeitikia. Pumzi nayo ilikuwa imekoma.

Mjomba hakuwahi kuyasema maneno yale. Alimtazama mkewe. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Akaipiga redio kwa ngumi mpaka kioo kikapasuka, mkewe akashtuka usingizini. "Nini?"

"Nzi," alisema mjomba.

Hakumwambia. Angemwambia nini? Kwamba amesikia siku ambayo hatamwitikia? Kuahirisha matibabu hakuwezekani, maana damu isiposafishwa inageuka sumu. Kumpeleka kwa gari lile hakuwezekani pia. Siku ya kwenda hospitali ilipofika, alikwenda kwa jirani, mwalimu mstaafu mwenye gari dogo, akamwomba amchukue mkewe.

"Na wewe?" mkewe aliuliza, mguu mmoja tayari ndani ya gari la jirani.

"Gari linaumwa. Nalipeleka kwa fundi, kisha nakufuata."

"Mke mwenza ameshinda leo." Alicheka, akafunga mlango. Mjomba aliwatazama mpaka wakapinda kona.

Kabla ya kuwasha gari alichomoa fyuzi ya redio, akaitia mfukoni. Redio ikafa. Akaiwasha, haikuwaka. Akaridhika, akashika njia ya kwa fundi.

Asubuhi ilikuwa nyeupe, haina upepo. Alipita shule, akapita kiwanda cha matofali, akaingia ile sehemu ya barabara isiyo na nyumba.

Kitu kikagonga.

Kikagonga tena. Nyuma.

Hakupunguza mwendo. Alijisemea kuwa ni jeki, haijafungwa vizuri.

"Baba Watoto."

Haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma ya kiti, kupitia kwenye sponji na bati. Ilikuwa sauti ya mkewe.

"Baba Watoto, nifungulie. Nakosa hewa."

Alisimamisha gari pembeni ya barabara. Akatoa simu, akampigia mkewe. Ikaita mpaka ikakatika. Akampigia jirani. Ikaita. Kule nyuma kulikuwa na mkwaruzo sasa, wa kucha kwenye zulia, mwepesi, unaopungua.

Alishuka. Akafunga mlango. Akazunguka gari polepole. Akasimama mbele ya buti, ufunguo mkononi. Mkwaruzo ulikuwa umekoma.

"Mama Watoto," alisema. "Niitikie."

Akasikia alichokisema. Mlango mmoja, nyayo zilizozunguka, yote aliyoyasikia siku ile alikwishayafanya.

"Mama Watoto, nakuomba," mdomo ulimaliza wenyewe. "Niitikie."

Kimya.

Aliniambia hapo ndipo alipotaka kukimbia. Akili yote ilimwambia mkewe yuko hospitali, kwenye kitanda chake cha siku zote, na aliyemo humu si mtu. Ukimfungulia, anatoka. Alirudi nyuma hatua moja. Gari likatulia juani, bati likilia kwa joto.

Ila ile sauti ilikuwa imesema inakosa hewa. Na kwa miaka yote aliyoishi na mwanamke yule, aliniambia, hajawahi kumsikia akiomba kitu akamgeuzia mgongo.

Akatia ufunguo. Akafungua.

Hewa ya moto ilimpiga usoni, nzito, yenye harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi. Kisha ikampita. Buti lilikuwa tupu. Zulia jeusi, jeki mahali pake, na chenja ubavuni. Fyuzi ilikuwa mfukoni mwake, lakini mashine ilikuwa inazunguka. Aliukamata waya kwa mikono miwili, akavuta mpaka ukang'oka na plagi yake. Mashine ikazunguka kidogo zaidi, ikapunguza, ikanyamaza.

Kwa fundi hakukaa. Aliifungua chenja skrubu zake, akaiacha juu ya meza, waya ukining'inia. Fundi hakuuliza kilichotokea. Aliitazama, akasogea, akanong'ona.

"Yule muuza vyuma alikuwa anataka iondoke tu. Nilimuuliza gari lile ilikotoka lilipata ajali gani. Akasema halikupata ajali. Lilikutwa limeegeshwa, buti limefungwa. Siku nyingi. Watu walikuwa wanapita, wanasikia mtu anagonga, kila mmoja akadhani ni jirani anatengeneza kitu."

Mjomba aliendesha mpaka hospitali bila kukumbuka njia. Jirani alikuwa kwenye korido, amesimama, uso wa majivu.

"Nilikuwa nakupigia," alisema.

"Amekwenda?"

"Alikwenda. Karudi. Wanasema moyo ulisimama akiwa kwenye mashine. Walikwishaanza kumwita, anatazama juu, haitikii. Halafu tu akavuta hewa, kwa kishindo, kama mtu aliyetoka chini ya maji."

Mjomba hakuuliza ilikuwa saa ngapi.

Mkewe alikuwa amelala kwenye kitanda cha dirishani, mirija ya damu bado mkononi. Mkono ule ulikuwa umefungwa kwenye ubao, kama wafungavyo siku zote mgonjwa asije akaukunja. Midomo ilikuwa mikavu. Alipomwona mjomba hakutabasamu. Alimvuta kwa macho mpaka mjomba akainama.

"Mbona ulichelewa kufungua?" alinong'ona.

Mjomba aliinama zaidi.

"Nilikuwa nakusikia umesimama pale. Nikawa nakuitikia, sauti haitoki. Yule mwingine alikuwa amenibana mdomo." Alifumba macho. "Alikuwa anasema mwache aende. Wote huenda."

Muuguzi alikuja kuchomoa sindano. Alifungua kamba za ubao, akaunyanyua mkono ule uliokuwa haujasogea tangu asubuhi. Akasita. Akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama, ulishika nini?"

Kucha mbili zilikuwa zimekatika mpaka kwenye nyama. Chini ya zile nyingine kulikuwa na vumbi la nyuzi, fupi, nyeusi, zimeshindiliwa kwa nguvu. Muuguzi alizitoa kwa pamba, moja moja, akidhani ni za blanketi. Mablanketi ya wodi ile yalikuwa ya kijani.

Mjomba alichukua ile pamba kutoka mkononi mwake. Aliisugua katikati ya vidole, kama anavyosugua kitambaa kabla ya kukikata, kisha akaiweka mezani taratibu, akaenda kunawa mikono.