Jina Lililokuwa Ubaoni

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Mwanatabu ilikuwa moja: kwenda sokoni Kongowea kununua viazi. Mama yake, Bi Mastura, alikuwa akiuza viazi vya karai mbele ya nyumba yao huko Mishomoroni, na hakutaka kuona kiazi chenye macho wala chenye rangi ya kijani. Mwanatabu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na viazi alivijua kuliko hesabu za darasa la sita.

Jumamosi hiyo ya mwaka wa 1991, masika yakiwa yamekaribia, aliongezewa kazi ya pili.

Nyumba yao ilikuwa ya makuti, na makuti yenyewe yalikuwa yamechoka. Mwaka uliopita walilala na mabeseni ya kukingia mvua, la Mwanatabu likiwa miguuni pake. Basi alipokuja Bwana Gershom wa kampuni ya Paa Jema, shati limepigwa pasi na tai shingoni, akasema watu wake wangeondoa makuti na kuezeka mabati kwa siku mbili tu, alikaribishwa kiti. Gershom akatoa kadi. Iliandikwa kwamba Paa Jema ni mwanachama nambari 114 wa Chama cha Mafundi wa Nyumba.

"Maneno matamu nimeyasikia," Bi Mastura alimwambia binti yake baada ya mgeni kuondoka. "Mimi namtaka mtu ambaye akiniharibia nyumba, nina pa kumshtaki. Ofisi ya chama chao iko Kongowea, ghorofani, mkabala na wauza vitunguu. Ukishanunua viazi, panda ukamuulize karani: huyu ni wenu au si wenu? Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mwanatabu alinunua viazi, akapanda ngazi na kikapu kichwani, akakuta mlango umetiwa kufuli. Alingoja kidogo. Jua lilikuwa kali, kikapu kizito, na hamu ya kungoja ikamwisha upesi. Ndipo alipouona ubao kando ya mlango. Ulikuwa na karatasi ya majina yaliyopigwa taipu. Tangazo la mkutano lilikuwa limebandikwa juu yake, likafunika kichwa cha karatasi, lakini majina yalisomeka vizuri: nambari 9, 31, 58, kisha 114, Paa Jema.

Zile nambari zilizorukaruka zilimshangaza kidogo. Hakujishughulisha nazo. Jina si hili hapa?

Akarudi nyumbani mbio, kadiri mtu mwenye kikapu cha viazi anavyoweza kukimbia.

"Umemuuliza karani?" mama akauliza.

Mwanatabu angeweza kusema alivyokuta, ikaisha. Lakini alikuwa amechoka, na aliona kuuliza na kusoma ni mamoja. "Nimemuuliza, mama. Wamo kwenye chama. Nambari mia moja na kumi na nne."

"Ahsante, mwanangu," mama akasema, na jioni hiyo akapeleka habari kwa Gershom kwamba Jumanne waje waanze.

Jumatatu alasiri alikuja Mama Mwangi, jirani yao aliyetoka bara, kununua viazi vyake vya kila siku. Alipolisikia jina la kampuni aliacha kutafuna.

"Paa Jema? Ya yule Gershom wa tai? Mastura, hao ni wakora. Dada yangu kule Changamwe walimtolea paa lote, wakapiga mabati nusu kwa misumari ya kupigia mbao, isiyo na mpira wa kuzuia maji, wakapotea. Mvua ilimkuta na watoto ndani. Alienda kushtaki kwa chama chao."

Bi Mastura alisita. "Labda ni wengine wa jina hilo. Hawa, mwanangu amewaulizia kwa karani mwenyewe. Na mwanangu haniongopei."

Mwanatabu alikuwa kando akimenya viazi. Aliendelea kumenya kiazi kile kile mpaka kikabaki kama gololi. Kichwa kilimvurugika. Kama hawa wamo kwenye chama, mbona wanaharibu? Kama wanaharibu, mbona jina lao liko ubaoni? Na kama dada yake Mama Mwangi alishtaki, chama kilifanya nini? Kila jibu alilolipata lilifukuza jingine. Alitaka kumwambia mama yake, akaona haya, akachukua kiazi kingine.

Jumanne asubuhi Gershom alifika na vijana wawili na ngazi. Mmoja akapanda, akang'oa makuti ya kwanza, upande wa chumba cha Mwanatabu. Msichana alikuwa chumbani akitandika kitanda. Jua lilipoingia kutoka juu na kumulika mto wake, alishikwa na hofu, akakimbilia uani.

"Mama, sikumuuliza karani. Mlango ulikuwa umefungwa. Niliona jina tu ubaoni, nikasema nimeuliza."

Bi Mastura hakumpiga wala hakumkaripia, na Mwanatabu aliona afadhali angekaripiwa. Kisha mama akainua uso juu.

"Shukeni."

"Bi Mastura, kazi imeshaanza," Gershom akasema huku akitabasamu. "Na kadi yetu umeiona."

"Kadi nimeiona. Karani sijamwona. Nikitoka kwake mkiwa ni watu wake, mtapanda tena. Shukeni, na ngazi muiondoe."

Akavaa buibui lake, akamshika binti yake mkono, wakaenda Kongowea.

Safari hii mlango ulikuwa wazi. Karani, Bi Florence, alikuwa mezani na miwani yake puani.

"Paa Jema?" akasema. "Si jina lao liko pale ubaoni?"

"Ndipo nilipoliona," Mwanatabu akajibu kwa sauti ndogo.

"Kwa hivyo ni wenu?" mama akauliza.

"Wetu? Hatuko nao tangu Januari."

Sasa hata Bi Mastura akachanganyikiwa. "Jina lao liko ukutani kwenu, na si wenu? Dada, mimi sielewi."

Bi Florence aliinuka akatoka nje kutazama. Akalibandua lile tangazo la mkutano, na kichwa cha karatasi kikaonekana kwa herufi kubwa: WALIOFUTWA UANACHAMA. MSIWAPE KAZI.

"Tangazo hili nimelibandika mimi mwenyewe," karani akasema, na yeye pia akaona haya.

Wakarudi ndani. Bi Florence akafungua daftari la wanachama, akawatajia fundi mmoja, Ngumbao, anayekaa huko huko Mishomoroni. Bi Mastura akamsukuma binti yake mbele taratibu. "Haya, uliza."

"Huyu Ngumbao ni wenu?"

"Ni wetu, na hajawahi kushtakiwa."

Waliporudi nyumbani Gershom hakuwepo, wala vijana, wala ngazi. Jioni mvua ya kwanza ikanyesha, ikapita kwenye tundu moja kwa moja mpaka kitandani kwa Mwanatabu. Wakaliweka beseni juu ya godoro, na Mwanatabu akalala na mama yake. Kufikia Ijumaa fundi Ngumbao alikuwa amemaliza kuezeka mabati, kila msumari na mpira wake.

Usiku huo mvua ilipiga bati kwa kishindo, na ndani hakukudondoka hata tone. Bi Mastura akamwita binti yake.

"Mwanatabu."

"Abee, mama."

"Mlango kufungwa si kosa lako, na karatasi kufunikwa si kosa lako. Lakini Mama Mwangi alikuja na maneno ya kweli, nami nikayakataa kwa ajili ya neno lako. Ukiniambia umeuliza na hukuuliza, mimi nasimama juu ya neno hilo mbele za watu. Hujui, sema hujui. Hukuuliza, sema hukuuliza. Tutarudi tukaulize."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe."

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Mwanatabu alikuta kikapu mlangoni kama kawaida.

"Namtaka mtu wa kupaka chokaa," mama akasema, akampa kipande cha karatasi chenye jina. "Pitia kwa Bi Florence umuulize kama ni mtu wao."

Mwanatabu hakuamini kwamba ni yeye anayetumwa tena. Akaikunja ile karatasi vizuri.

"Na ukikuta mlango umefungwa?"

"Nitarudi nikwambie umefungwa."

"Basi nenda," Bi Mastura akasema. "Na viazi visiwe na macho."