Pazia la Ghorofa ya Nne

Tuseme mapema: siku ile mjinga alikuwa yeye, fundi wa friji ambaye wenzake walimwita Barafu. Alisimama mbele ya lifti katika jengo la maduka, amevaa shati jeupe la harusi yake, kajipulizia manukato hadi watu wanageuka. Umati ulimpiga vikumbo. Akageuka kumwomba radhi mtu aliyemkanyaga, akakutana na macho ya mkewe.

Mkewe, mshonaji wa mapazia, alikumbatia mzigo wa kitambaa cheusi. Gauni lake la kijani lilikuwa na vipande vya uzi begani. Kwa muda sasa alikuwa akimsikia mumewe akinong'ona na simu bafuni. Leo kaliona na shati.

"Anaitwa nani?" akauliza, kwa upole unaotisha kuliko kelele.

"Nani tena, laazizi?"

"Huyo unayemnukia."

Lifti ikafunguka. Wakaingia, na vidole vyao vikagongana kwenye kitufe kimoja: nne.

Mlango ulipojifunga, kelele za chini zilikatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Humo ndani Barafu akasema yote. Hakuna mwanamke; shati na manukato vilikuwa vya kujipa ujasiri. Alikuwa akitafuta daktari wa kumfunga uzazi yeye mwenyewe. Mkewe alipojifungua mara ya mwisho alitokwa na damu hadi midomo ikawa rangi ya majivu, na wakaonywa kwamba mimba nyingine itamzika. Vidonge vilimkataa, sindano zikamkataa. Basi ilikuwa zamu ya mume, naye alitaka amalize kwanza ndipo aseme, asije akaingiwa na woga njiani.

Mkewe akacheka huku machozi yanamlenga. Kisha akakitazama kile kitufe cha nne. "Mbona daktari wako ndiye mteja wangu? Aliagiza pazia zito, lisipitishe mwanga wala sauti."

Ghorofa ya nne haikuwa na mtu. Viti vya kungojea vilikuwa bado na nailoni zake za dukani, lakini kile alichokalia Barafu kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Mlango ukafunguka kabla hawajabisha. Daktari alikuwa na uso laini usio na umri, glavu tayari mikononi. Hakuuliza jina wala ugonjwa, wala kama wana watoto. Alilipapasa pazia kama anayembembeleza paka, akamwonyesha Barafu kitanda.

Mshonaji alilelewa na mama muuguzi; alijua kuwa mwanaume akishafungwa lazima arudi kupimwa, ndipo aambiwe kuwa mbegu zimekwisha.

"Arudi lini kupimwa?"

Daktari akatabasamu, meno yote nje. "Wangu huwa hawarudi, mama."

Nyuma yao kitasa kikaanza kuzunguka, taratibu, na hakuna aliyekuwa karibu nacho.

Mshonaji hakungoja kuona mwisho wake. Alimrushia yule mtu pazia usoni, akafungua mlango kwa nguvu, akamburuta mumewe hadi kwenye ngazi. Walipofika barabarani wakihema, wakatazama juu. Dirisha la ghorofa ya nne lilikuwa limeshatundikwa pazia jeusi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mkewe alitaka kujua kwa nini hakwenda hospitali kuu, kwa daktari aliyesomea kazi hiyo na anayejulikana. Barafu akatazama viatu vyake. Alikwenda, akafika mlangoni, akageuza. Muuguzi wa chumba cha upasuaji ni mama mkwe.

"Nivue suruali mbele ya mama yako? Heri yule wa pazia."

Mkewe akampigia mama yake simu, akaweka spika, akaeleza. Barafu akajitetea kwa kirefu: mkwe ni mkwe, heshima ni kitu cha bure, atamwamkiaje tena mezani. Mama mkwe alimwacha aishiwe pumzi.

"Baba, mwanangu nilimshika mkono akitaka kukata roho. Wewe njoo Jumatatu. Hicho unachokificha nitakisahau kabla sijanawa mikono."