Waya Mbili za Mafuta

Kila siku Karani alipotoka shuleni, kabla hata hajavua soksi, aliwapa kuku maji, akafagia maranda chini ya meza ya useremala ya babu yake, kisha akafungua boneti ya pikapu na kuchungulia rejeta. Maji yakiwa yamepungua, aliongeza. Na kila siku yalikuwa yamepungua. Babu alizoea kusema kwamba nyumba ile inalea kuku tisa na gari moja, na mnywaji mkubwa ni gari.

Karani halikuwa jina lake la cheti. Babu alimpa alipokuwa darasa la pili, siku alipoandika chumvi, sukari na unga kwenye makopo ya jikoni kwa herufi zilizosimama wima kama watoto mstarini. Sasa alikuwa darasa la sita na jina lilikuwa limemganda. Kila kitanda na kila kabati lililotoka kwa babu aliliandika yeye kwa chaki upande wa nyuma: jina la mwenyewe, huku juu, huku chini. Hakuna mteja aliyewahi kupelekewa kitanda cha jirani yake.

Pikapu yenyewe ilimzidi umri baba yake Karani. Ilikohoa ikiwashwa, ikakohoa ikizimwa. Siku moja, ikiwa na milango minne mgongoni, injini ilipasuka, ikamwaga oili yote barabarani, ikanyamaza. Tangu siku hiyo babu alipeleka vitanda kwa mkokoteni. Hakulalamika, lakini kila jioni alikaa kibarazani akijikanda magoti, na watu wa nyumbani walijifanya hawaoni.

Aliyeona na kusema alikuwa shangazi yake Karani. Yeye ni binti wa babu, na kazi yake ni umakanika katika gereji moja kubwa. Alikuja na habari kwamba amepata injini ya kisasa, iliyotolewa kwenye gari jingine lililogongwa nyuma, nayo ni nzima kabisa. Angeifunga mwenyewe hapahapa uani, siku zake za mapumziko. Babu alikuna kichwa. Alisikia injini hizo zina kompyuta, na yeye hata simu humuuliza maswali asiyoweza kuyajibu. Shangazi akamwambia kompyuta hiyo haiulizi kitu, inafanya kazi tu, tofauti na wanaume wengine. Babu akacheka, na aliyecheka amekwisha kukubali.

Injini ikaja imefungwa kwa plastiki, waya zimeizunguka huku na huku kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Kazi ikaanza. Injini kuukuu ilinyanyuliwa kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye boriti ya banda. Vishikizo vya injini mpya havikulingana na mashimo ya gari, kwa hiyo shangazi alikata vielelezo vya boksi gumu, akapima, akakata tena, mpaka vikakaa sawa ndipo akakata chuma na kukichomelea. Rejeta ilisogezwa mbele vidole vitatu. Babu naye hakukaa bure. Alichonga gogo la kuegemezea geaboksi, akalipiga na msasa kama anatengeneza kiti cha bwana harusi.

Kazi ya Karani ilikuwa ya kalamu. Kabla injini haijashushwa ndani ya gari, waya zote zilipaswa kuchomolewa, na kila moja iandikwe jina lake juu ya kipande cha utepe, ili fundi umeme atakapokuja ajue ipi inakwenda wapi. Shangazi alilala chini ya injini, spana mkononi, akitaja majina. Karani alichuchumaa kando na kalamu nene, akaandika, akabandika. Hii ya stata. Hii ya joto la maji. Hii ya feni. Waya zilikuwa arobaini na kitu, na jua lilikuwa limeanza kuuma shingo.

"Hiyo ya mafuta," alisema shangazi. Karani akaandika, mafuta.

Zikapita waya nyingine tano au sita. "Na hiyo nayo ya mafuta." Karani akaandika, mafuta.

Walipomaliza, shangazi akaenda kunawa. Karani alizipanga waya juu ya gunia na kuzisoma tena. Hapo ndipo alipoona vipande viwili vya utepe vyenye neno moja. Nyumbani kwao mafuta yalikuwa mengi: ya kupikia jikoni, ya kujipaka kwenye kabati la mama, ya taa ndani ya chupa. Na ndani ya gari, alijua vizuri, yako mawili. Yako ya kulainisha injini, ambayo mafundi huita oili, na yako ya kuungua, yaani petroli. Watu wote waliita yote mafuta, na gari la zamani halikuwahi kulalamika.

Alipaswa kuuliza. Lakini langoni rafiki zake wawili walikuwa wamekwisha kufika na kamba ya kuruka, wakiita kwamba asiyekuja sasa ndiye atakayezungusha mpaka kesho. Karani alizitazama zile waya. Moja nene kidogo, moja nyembamba. Oili ni nzito, akawaza, basi nene ni ya oili. Akabandua utepe wa zamani, akaandika upya, oili kwenye nene, petroli kwenye nyembamba. Akapiga mstari chini ya kila neno kwa rula. Yalipendeza. Akakimbia langoni.

Jumamosi iliyofuata akaja fundi umeme, mtu wa makamo aliyeishi upande wa pili wa barabara, miwani yake imefungwa kamba ili isianguke ndani ya magari ya watu. Huyu hakuwa na gereji. Aliitwa na gereji za wengine, na alipata kazi kwa sababu mmoja alimsifu kwa mwenzake. Alipoona zile waya akamgeukia Karani na kumwambia kwamba leo hana haja ya kupimapima, atasoma tu kama anasoma gazeti. Karani alitembea kifua mbele asubuhi yote.

Saa tisa alasiri kila waya ilikuwa mahali pake. Babu alivaa shati safi, akaingia kwenye usukani. Majirani watatu walisimama ukutani, mmoja bado amekalia baiskeli yake. Babu akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka vizuri, injini ikageuka, lakini haikuwaka. Fundi umeme akachungulia kwenye kisanduku cha fyuzi, akakuta moja imeungua. Akaweka nyingine. Ikaungua. Ya tatu ikatoa mlio mdogo, tik, kama mtu anayekataa kitu kwa adabu.

Fundi aliipitia kazi yake upya, akisoma kila utepe kwa sauti ya chini. Kila kitu kilikuwa kama kilivyoandikwa. Akasema huenda ile kompyuta ya injini ndiyo imekufa. Shangazi, aliyekuwa ameichagua injini ile kwa mikono yake na kuifunga kwa majuma matatu, uso ukambadilika.

"Fundi, sehemu yangu ya chuma nimeimaliza," alisema. "Waya ni zako. Kama hujui gari za kisasa ungesema tangu asubuhi. Kesho nitatafuta mwingine, na Jumatatu pale gereji wataniuliza, sitaficha."

Mwenye baiskeli akakohoa na kutazama pembeni. Fundi umeme aliingiza koleo na kipimo chake kwenye mkoba, akamuaga babu, akavuka barabara.

Jioni hiyo walikula mapema, kila mtu na sahani yake. Babu, ambaye hakupenda kimya mezani, akasema, "Kitendawili."

"Tega," akajibu Karani bila hamu.

"Nina mnyama mwenye midomo mitatu. Kila mdomo una kinywaji chake, na ukikosea mdomo hatembei."

"Si gari, babu? Maji, mafuta na mafuta."

"Mafuta na mafuta," babu akamwigiza. "Umenipa midomo miwili, mmoja umeutaja mara mbili. Sema maji, oili na petroli, la sivyo nipe mji."

Kijiko cha Karani kikasimama njiani. Aliziona zile waya mbili juu ya gunia, nene na nyembamba, na kalamu ikiamua jambo ambalo kichwa hakikulijua. Akasema ameshiba, akatoka uani.

Boneti ilikuwa wazi. Vile vipande viwili vya utepe vilionekana kwa mbali, na mistari yake ya rula. Wazo likamjia haraka: angevibadilisha sasa hivi, kimyakimya. Kesho fundi mwingine angekuja, angefunga upya, gari lingewaka, na hakuna mtu angejua kitu. Yeye angebaki Karani. Alinyoosha mkono hata akaushika utepe wa kwanza.

Ndipo alipotazama nje ya lango. Ng'ambo ya barabara fundi umeme alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wake, daftari gotini, akichora waya za pikapu moja baada ya nyingine na kutikisa kichwa. Alikuwa anatafuta kosa lake. Karani alijua kwamba angelitafuta usiku kucha asilipate, kwa sababu halikuwa lake.

Akauachia utepe, akamwendea shangazi, aliyekuwa akisugua mikono kwa sabuni ya unga penye bomba. Akasema yote mara moja, asije akapata nafasi ya kunyamaza: neno moja mara mbili, kamba ya kuruka, nene na nyembamba.

Shangazi akafunga bomba. "Ulijua, au ulikisia?"

"Nilikisia, shangazi."

"Ukapiga na mstari."

"Nikapiga na mstari."

Karani alingoja kugombezwa. Badala yake shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, povu likimkauka mikononi. Akasema kwamba yeye ndiye fundi, na fundi aliyetaja mafuta mara mbili bila kusema mafuta gani amekosea kabla ya mwandishi. Na kwamba yeye pia alikisia leo, tena mbele ya majirani. Hakupima waya hata moja kabla ya kumhukumu mtu. Akainuka, akajifuta kwenye ovaroli. "Twende wote," alisema. "Wewe una lako la kusema, na mimi nina langu."

Wakavuka. Karani akamwamkia fundi, akasema lake. Fundi umeme alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu ikiwa juu ya daftari. Halafu shangazi akasema lake, na halikuwa fupi, na hakutafuta visingizio. Alisema pia kwamba Jumatatu pale gereji atasimulia habari hii yote, yeye mwenyewe akiwamo.

"Basi ndiyo sababu," fundi akasema, na uso wake ukafunguka. Alimweleza Karani akichora. Umeme wa kusukuma pampu ya petroli ulikuwa umepelekwa kwenye swichi ya oili. Swichi hiyo, injini ikiwa imelala, hugusana na mwili wa gari, kwa hiyo umeme wote ulikimbilia huko na fyuzi ikaungua ili kuokoa vingine. Na pampu yenyewe iliachiwa waya nyembamba ya taa ndogo ya onyo la oili, ikakosa nguvu ya kuvuta hata tone.

Hawakusubiri kesho. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jirani fundi alipobadilisha zile waya mbili, na safari hii alipima kila moja kabla ya kuiunga, Karani akimshikia kipimo. Fyuzi mpya ikawekwa. Babu akaingia tena kwenye usukani, akazungusha ufunguo, akauachia. Akangoja. Akasikitika.

"Imekataa tena," alisema, na mkono ukarudi kwenye ufunguo.

Shangazi akaurukia mkono huo. "Baba, imewaka. Hiyo ndiyo sauti yake."

Babu akatega sikio. Kweli, chini ya boneti kulikuwa na mvumo mdogo, kama paka aliyeshiba. Miaka yote alikuwa amezoea gari linalojitangaza mtaa mzima. Akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akaisikia ikitetemeka kidogo, akarudi kukaa bila kuzima. Alisema anakwenda mpaka kona na kurudi. Alirudi baada ya nusu saa, amempakia mwenye baiskeli, na baiskeli yake nyuma.

Fundi umeme alikuwa akifunga mkoba alipoona waya moja imebaki, ya bluu yenye mstari mweupe. Haikuwa na utepe, wala haikuwa na mahali pa kwenda. Shangazi hakuikumbuka. Fundi akaipima, haikuwa na umeme. Akasema labda ni ya kitu kilichokuwamo kwenye lile gari jingine na hapa hakipo, labda sivyo. Akaizungushia utepe, akampa Karani kalamu.

Karani aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika, kwa herufi zake zilizosimama wima: SIJUI.

Fundi akavaa miwani vizuri, akasoma. "Umeona?" akamwambia. "Mimi leo niliusadiki mwandiko wako kwa sababu ni mzuri. Mtu anayeandika vizuri, watu humwamini. Kwa hiyo asiandike asichokijua, aulize. Na kama hakuna wa kumjibu, aandike hivi ulivyoandika. Fundi atakayefungua boneti hii baada yetu hatapotea."

Shangazi akaisogeza waya ile kando, akaifunga vizuri isining'inie, akashusha boneti.