Viatu Vikavu

Nivi aliinama mbele ya mwanamume asiyemjua, katikati ya soko la nyama la Nuuk, akachomoa kijiti kikavu kilichokuwa kikichungulia kwenye kiatu chake cha ngozi ya sili.

"Dada, kiatu hicho nimekivaa," mwanamume alisema.

"Naona. Hii si nyasi."

"Ni nyasi. Nilizikata mwenyewe nitandike ndani, miguu isife baridi."

Watu waliwakwepa, mikononi mifuko ya nyama ya sili na samaki wakavu. Nivi hakuwajali. Alikivingirisha kijiti kile kati ya vidole. Nyasi ina vifundo, ndago ina kingo tatu. Hiki kilikuwa mviringo, laini, bila kifundo. Akakitazama kwa kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake.

"Junkusi," alisema. "Hufanana na nyasi, ila hufuata tope baridi, pale theluji inapochelewa kuyeyuka. Imejichanganya na nyasi zako. Basi hukuzikata ufukweni, ulipanda juu."

"Wewe ni polisi?"

"Mtaalamu wa mimea."

"Afadhali polisi. Wao hubisha hodi."

Alikuwa na anoraki, koti lenye kofia, ya buluu iliyopauka viwikoni, na kicheko cha mtu asiye na haraka. Aliitwa Ulloriaq, nahodha wa boti ya kukodi. Nivi alilijua jina hilo. Lilikuwa jina la baba yake, aliyezama akiwinda wakati Nivi bado ananyonya. Lakini jina ni jina, alijiambia, wengi wanalo. Ofisi ya Nivi ilihitaji boti ya kwenda ndani ya ghuba kukusanya mimea. Akachukua namba yake ya simu.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, Ulloriaq alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope la mlimani, pua yake karibu na mmea mfupi kuliko kidole.

"Maua mawili," alisema. "Ndiyo ile ya kiatuni mwangu."

"Usihesabu maua. Maua huanguka. Tazama jani dogo lililo chini ya shada. Likisimama kupita maua, ndiyo ile yako. Likiishia chini yake, hiyo ni nduguye."

"Na mimi utanitambuaje, nikichanganywa na wanaume wengine?"

"Kwa kelele."

Ulloriaq alimvuta akambusu, na wote wawili wakapakana tope usoni. Tangu siku hiyo alimwita Mpekuzi wangu. Kila asubuhi alimpigia simu kutoka gatini kumweleza bahari ilivyoamka, na Nivi, ambaye hakuwa mtu wa maneno matamu, alijibu, "Haya, usizame," akabaki ameishika simu hata baada ya kukatika.

Mama yake, Bolatta, aliposherehekea siku yake ya kuzaliwa, milango ikawa wazi kwa jamaa na majirani, kahawa na keki mezani. Ulloriaq alikuja na anoraki nyeupe ya sherehe, nywele zimechanwa kwa maji. Kabla ya kuingia aligonga viatu vyake mara mbili kwenye kizingiti. Jikoni, Bolatta aliacha kumimina kahawa.

"Nani huyo?"

"Ulloriaq, mama," Nivi alisema. Hakuwahi kumtajia jina hilo.

Bolatta alimwuliza kijana mwaka aliozaliwa. Alipoutaja, mama aliweka birika chini polepole. Ulikuwa mwaka uleule ambao barafu ilipasuka na mumewe asionekane tena. Mwili haukupatikana, na Bolatta hakumjua mtoto yeyote aliyepewa jina lake; na kwao, aliyekufa hurudi ndani ya mtoto anayepewa jina lake.

"Na jina ulipewa la nani?"

"La mtu aliyekuwa amekufa, mama. Bibi ndiye aliyelichagua. Zaidi ya hapo sijui."

Bolatta alimshika shavu. "Umerudi," alisema. "Na viatu vikavu."

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Ulloriaq alikalishwa kwenye kiti cha dirishani, kisichokaliwa na mtu tangu baba azame. Nivi akiwa ukumbini alimsikia mama yake akizungumza naye jikoni kwa sauti ya msichana, sauti ambayo hakuwahi kuijua. "Nivi, mwambie baba yako supu iko tayari." Mwanzoni Ulloriaq alifanya mzaha.

"Binti yangu, umechelewa kazini," alimwambia kwenye simu.

"Usiniite hivyo."

"Natania, roho yangu."

"Najua. Usiniite."

Aliona ni upuuzi. Hata hivyo, mkono wa Ulloriaq ulipomgusa kiunoni, macho ya Nivi yalikimbilia mlangoni. Na kule kugonga viatu mara mbili, alikoambiwa kuwa ndiko kwa baba yake, hakukupatia sababu.

Kisha Ulloriaq alisema ana safari ya kaskazini, na simu zikakoma. Nivi alipiga, hakupokelewa. Akaamua kwamba mwanamume huyo amechoka kuvishwa maiti. Bolatta alisimama dirishani akitazama maji.

"Amekwenda baharini tena," alisema.

Mchana mmoja ofisini, Nivi alikuta amekosea. Junkusi yenye maua mawili ilikuwa kwenye fungu lisilo lake: jani la chini ya shada lilikuwa fupi, na chini ya kioo kovu la ua la tatu lilionekana wazi. Alikuwa amehesabu maua. Jina, mwaka, viatu: mama naye alikuwa amehesabu, na hakuna aliyemwuliza bibi aliyelichagua jina lilitoka kwa nani. Akampigia bibi yake Ulloriaq, Regine, huko kaskazini, Kangaamiut.

"Jina la binamu yangu," Regine alisema. "Alifia kitandani kwake, mzee, tumbo limejaa. Huyo hakuzama hata kwenye beseni. Lakini mjukuu wangu nilishamwambia."

"Lini?"

"Aliponipigia simu kuniuliza, kabla hajaja huku. Yuko nje anatengeneza boti isiyo na ubovu. Subiri."

Nivi alisikia upepo, halafu pumzi ya mtu.

"Ulijua ukanyamaza," alisema.

"Ningemwambia nini? Mama, mumeo bado yuko chini ya maji? Nisingeweza kumzamisha mara ya pili."

"Ukaniacha nidhani umenichoka."

"Nilidhani wewe huwezi tena kunitazama."

"Nilishindwa kumtazama baba yangu. Wewe nakutazama vizuri. Rudi."

"Nirudi kama nani?"

"Kama wewe. Nitasema mimi. Wewe uwepo tu."

Ulloriaq aliporudi, Nivi alimwambia mama yake jikoni, kwa maneno machache, bila kuyapamba. Bolatta alisikiliza, mikono yake ikiwa juu ya meza. Ulloriaq, aliyekalishwa tena kwenye kiti cha dirishani, hakuinua macho.

"Basi bado yuko nje," Bolatta alisema mwishowe. "Na mimi nilikuwa nimeshafunga mlango." Akamgeukia binti yake. "Umefurahi?"

"Hapana, mama. Lakini ndivyo ilivyo."

"Na jina lake liko wapi? Nani amelishika?"

Upepo ulipiga kioo cha dirisha.

"Mama," Ulloriaq alisema, "tukijaliwa mtoto, atalishika yeye. Ndilo nililokuja kuomba, kama Nivi atanikubali."

"Hujaniuliza," Nivi alisema.

"Nakuuliza sasa, Mpekuzi wangu."

"Nimekubali."

Bolatta alimtazama kijana kama mtu aliyeingia muda huohuo, asiyejulikana ukoo wake. "Kaa nasi, mwanangu," alisema. "Lakini si hapo."

Ulloriaq aliinuka akahamia upande wa Nivi. Bolatta akaenda dirishani, akalifungua wazi, na baridi ya ghuba ikaingia hadi mezani. Hakulifunga.

"Msikawie na huyo mtoto," aliwaambia. "Huko nje kuna baridi."