Milango Sita ya Mninga

Kila siku saa tisa alasiri Flavia alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni, akabadili sare, kisha akaingia jikoni kuwasha jiko la mkaa. Mama yake, Gaudensia, aliuza vitenge sokoni na hakurudi kabla ya saa kumi na moja. Kwa hiyo nyumbani kwao, pale Cheyo, hakuna aliyeyajua makabati ya jikoni kuliko Flavia. Yalikuwa na milango sita. Moshi wa miaka kumi na minne ulikuwa umeyafanya meusi kama sufuria, na mlango wa tatu ulilia kama mwanambuzi kila ulipofunguliwa.

Jumatano moja alikuja Advera, mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita, mjukuu wa Mzee Gerson fundi seremala. Walikuwa na kazi ya Sayansi. Flavia akafungua kabati amtolee mgeni michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu ambavyo bibi yake humletea kutoka Lusu. Mende wawili wakadondoka. Mmoja aliangukia daftari la Advera.

"Yesu wangu!" Advera akaruka. "Mnakula humo?"

"Usimwambie mtu, tafadhali."

"Nimwambie nani mimi?"

Kesho yake Flavia alipoingia darasani, Benjamini alisimama akainamisha kichwa kwa heshima. "Shikamoo, Mama Mende!"

"Marahaba, wajukuu zangu!" darasa zima likaitikia kwa niaba yake, likaangua kicheko. Juu ya dawati lake kulikuwa na kiberiti. Ndani ya kiberiti kitu kilikuwa kinakwaruza. Consolatha, aliyekuwa akikaa naye tangu darasa la tatu, alichukua mkoba wake akahamia dawati la nyuma. Hilo ndilo lililomuuma Flavia zaidi.

Jioni ile wazazi wake walikuwa wanazungumzia makabati hayohayo.

"Yatolewe," alisema baba yake, Adriano, aliyekuwa mfanyakazi wa stesheni ya reli. "Tuweke yale meupe yanayong'aa."

"Yale ni unga wa mbao uliogandishwa, Baba Flavia. Yakilowa yanavimba kama maandazi. Haya ni mninga. Tukwangue masizi, tupige msasa na vanishi, utashangaa."

Adriano akafikiri kidogo. "Haya. Jumamosi nitayakagua. Ubao ukiwa mzima, tunakwangua. Ukiwa umeliwa na mchwa, natupa."

Flavia akaacha kutafuna: makabati yakitupwa, na mende wangekwisha.

Siku iliyofuata, kabla mama hajarudi, alichukua msumari na jiwe. Akatoboa matundu upande wa ndani wa milango mitatu, mengi, moja baada ya jingine. Kisha akaenda kwenye kichuguu nyuma ya choo, akachota udongo, akaulowanisha, akaupaka kwa vidole katika mistari myembamba kama ile njia ya mchwa anayopanda nayo ukutani. Akarudi nyuma kutazama. Hata yeye mwenyewe karibu aamini.

Jumamosi asubuhi baba alifungua mlango wa kwanza.

"Gaudensia! Njoo uone mninga wako!"

Mama aligusa ule udongo, akaketi juu ya ndoo. Makabati yale alitengenezewa wiki ya harusi yake. Hakulia, ila aliendelea kuufikicha ule udongo kati ya vidole.

"Mwiteni aliyeyatengeneza," akasema Adriano. "Mwiteni Gerson."

Siku zote Flavia alijua nani aliyatengeneza. Alipokuwa anagonga msumari hakukumbuka.

Mzee Gerson alikuta milango mitatu imelazwa uani na majirani wamejaa. Adriano hakumpa kiti.

"Shikamoo nakupa kwa ajili ya mvi tu," alisema. "Uliniuzia mninga, au uliniuzia kuni?"

Watu wakacheka. Mzee akapiga goti, akanusa ubao, akapitisha ukucha juu yake. "Mchwa hawali moyo wa mninga, Adriano. Ni mchungu kwao."

"Kumbe hawa walikuwa wanakula ugali?"

Kicheko kikazidi. Mama Tatu, jirani wa pili, alicheka hadi akashika kiuno. Adriano akachukua shoka, akapasua mlango wa kwanza mbele ya macho ya yule mzee, akapasua na wa pili, akavitupa vipande chini ya chungu cha makande. Moto ulipovikolea, harufu ikaenea ua mzima, tamu. Mzee Gerson aliifahamu harufu ile ya mninga, lakini hakuna aliyemuuliza.

"Niazime huu mmoja uliobaki," akasema. "Nipe siku nane."

"Chukua. Kaule na wewe."

Yule mzee aliondoka na mlango kichwani. Flavia alikuwa amesimama pale pale. Angeweza kusema. Akasogea kuchochea moto.

Maneno hayahitaji miguu. Jumapili Mama Tatu aliyafikisha kanisani, ambako Mzee Gerson alikuwa ameahidiwa kazi ya kutengeneza mabenchi mapya, kazi ya kumweka mwaka mzima. Jumatatu wazee wa kanisa wakampa fundi mwingine. Na shuleni darasa likapata kitoweo kipya.

"Mchwa huyo! Ondoeni madawati, yataliwa!"

"Advera, babu yako anauza mbao au uji?"

Hakuna aliyemkumbuka Mama Mende tena. Consolatha alirudi kwenye dawati lake la zamani kana kwamba hakuwahi kuhama. Flavia alicheka pamoja na wengine. Alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Alhamisi akafanya baya zaidi. Alijaza kumbikumbi kwenye kiberiti, akakiweka juu ya dawati la Advera.

Advera alikifungua. Hakupiga kelele. Alikifunga tena taratibu, akamtazama Flavia.

"Babu hajala tangu Jumapili," akasema. "Anakaa tu kwenye benchi lake la kazi, amepakata randa."

Siku ile maharage ya Flavia yaliungua jikoni.

Siku ya nane Mzee Gerson alikuja na ule mlango, na kipande cha ubao wa msonobari. Vyote viwili vilikuwa na udongo. Akavilaza uani. Advera alikuwa nyuma yake, amebeba begi la vifaa.

"Nilivizika pamoja ndani ya kichuguu," akasema. "Tazameni."

Msonobari ulikuwa umebaki ganda. Adriano alipoubonyeza, kidole kilizama kama katika mkate. Mlango wa mninga haukuwa umeguswa. Matundu yalikuwa yale yale ya mwanzo, hata moja halijaongezeka.

"Na njia ya mchwa hupindapinda," mzee aliendelea. "Matundu haya yamenyooka, yana ukubwa mmoja, na kando yake nyuzi za ubao zimesukumwa ndani. Mchwa wenu ana msumari, Adriano. Sikuja kumtafuta. Nimekuja kurudisha mlango."

Adriano aliona aibu, na aibu ikamgeuka kuwa hasira. Macho yake yakazunguka ua, yakatua kwa mtoto wa watu.

"Ni huyu! Huyu Advera alikuwa jikoni kwangu na daftari lake! Hata babu yake—"

"Sikugusa kitu, baba!" Advera akasema, akirudi nyuma.

Flavia alijua kwamba akinyamaza, itaaminika. Darasa lingeamini, na Mama Tatu angeipeleka mbali. Alitazama viatu vya Advera, vilivyofungwa kwa kamba ya katani.

"Ni mimi," akasema. "Msumari ni mimi. Na udongo ni mimi."

Baba alinyanyua mkono. Mzee Gerson akaushika hewani.

"Mkono huu umeshapasua milango miwili," akasema. "Inatosha."

Adriano akaushusha mkono. Kisha akawaita majirani mmoja mmoja, wale wale waliocheka, na mbele yao akamwomba mzee radhi. "Nilikutukana hadharani," alisema, "siwezi kukuomba radhi chumbani." Mama Tatu alitazama chini. Lakini mabenchi ya kanisa hayakurudi. Mbao zilikuwa zimekwisha kukatwa na yule fundi mwingine.

Kwa wiki tatu, kila alasiri, Mzee Gerson alikuja na Advera kuyatengeneza makabati, na Flavia alikwangua masizi, akapiga msasa hadi vidole vikatoka malengelenge. Siku ya kwanza alimwambia Advera, "Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyeanza, na yule mende," akajibu Advera. "Lakini sijakusamehe bado." Akamtupia karatasi ya msasa, naye akachukua yake, wakafanya kazi.

Chini ya masizi rangi ilianza kutoka: kahawia yenye wekundu, kama asali ya msituni. Mzee Gerson alichanganya vumbi la mninga na gundi, akaziba matundu. Ukitazama karibu bado yanaonekana.

Alipopaka vanishi ya mwisho, alimwita Flavia.

"Mjukuu wangu, ubao uliochafuka tunaukwangua, unarudi. Hata uliotobolewa tunauziba. Jina la mtu ni hivyo hivyo. Lakini uliochomwa, fundi wake hayupo. Ukitaka kusema uongo juu ya mtu, kumbuka hujui ni kipande kipi kitaingia motoni."

Milango minne ilirudishwa kabatini, ikang'aa. Baba akasema atanunua miwili ya kujazia, lakini mama akakataa. Akashona pazia la kitenge, akalitundika penye uwazi wa ile miwili iliyochomwa. Unga hukaa huko nyuma. Kila siku saa tisa alasiri, kabla ya kuweka maji ya ugali, Flavia hulifunua pazia lile kwa mkono wake mwenyewe.